Neno Lililoenea

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imepiga leo saa nne asubuhi na dari ya ofisi imeanza kuvuja palepale ilipovuja mwaka jana, juu ya meza yangu. Nimeomba fundi, nikaambiwa niombe kwa maandishi. Nimeandika, nikaambiwa fomu imebadilika. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Nisipopata mahali pa kumwagia hasira nitampiga mtu kwa kirungu cha mlinzi, nami nina miaka hamsini na mbili, haitapendeza.

Nimeletewa muswada mpya kutafsiri. Wanasheria wetu huandika kila kitu kwa lugha ya kigeni, kisha sisi wa kitengo cha tafsiri tunakileta kwa Kiswahili ili wananchi wasome na watoe maoni mbele ya kamati. Huu una kurasa thelathini na nne na unasema mambo matatu tu. Anayetumia dawa za kulevya asifungwe, apelekwe kutibiwa. Kliniki za tiba ziwe chini ya sheria na madaktari. Anayeuza aendelee kufungwa kama zamani.

Niandike na lile ambalo ofisini hakuna anayelijua. Mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu, alivuta unga miaka kumi na mmoja. Ni fundi umeme, watu wanamwita Shoti. Tangu Julai anakwenda kila asubuhi kwenye kliniki ya majaribio nyuma ya hospitali, anakunywa kikombe cha dawa mbele ya muuguzi, kisha anakwenda kazini. Anaishi kwangu. Miezi minane sasa hajagusa unga. Kliniki ile ina kibali cha muda, na kibali kinakwisha tarehe 31 Mei. Muswada ukipita, kliniki inabaki. Usipopita, inafungwa, na mimi najua mdogo wangu atarudi wapi.

Akishakunywa hunitumia ujumbe wa neno moja: Tayari. Leo umeingia saa mbili na robo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Kurasa sita. Tayari, saa mbili na dakika kumi.

Alhamisi, 7 Machi

Bwana Koma amenirudishia kurasa kumi na mbili. Ni mkuu wetu wa kitengo, na jina hilo tulimpa kwa sababu hasomi maana, anasoma koma. Amehamisha koma tisa na kurudisha mbili alizozihamisha mwenyewe jana. Nimemwambia asante sana, mkuu, bila wewe taifa lingeangamia. Akasema karibu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemaliza muswada, nimechoka mpaka macho yanaona herufi ukutani. Ilibaki kichwa cha tangazo la kubandika mitaani. Nilikuwa nimeandika: Muswada wa Tiba kwa Watumiaji wa Dawa za Kulevya na Kuwaondolea Adhabu ya Kifungo. Bwana Koma akasema hakienei, tangazo lina mstari mmoja wa kichwa na mpiga chapa anafunga saa kumi. Ilikuwa saa tisa na nusu na ndoo chini ya dari ilikuwa imejaa. Nikafuta, nikaandika: Muswada wa Kuhalalisha Dawa za Kulevya. Kimeenea vizuri, hata nafasi imebaki pembeni. Bwana Koma akatafuta koma, hakuipata, akasaini.

Jumapili, 10 Machi

Shoti amebadilisha swichi zote za jikoni bila kuombwa. Nimemwambia zile za zamani zilikuwa nzima. Akasema, "Nzima kwako wewe, dada. Mimi nilikuwa nazisikia zikilia." Amenicheka siku nzima kwa sababu naogopa kugusa tosta.

Jumatano, 20 Machi

Kikao cha kwanza cha maoni. Ukumbi una paa la bati, na mvua ilikuwa inapiga kiasi kwamba mwenyekiti wa kamati alirudia kila sentensi mara tatu, ingawa hata kwenye ukame hurudia mara mbili. Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha ukalimani kule nyuma, kwa sababu hapa kwetu anayetafsiri karatasi ndiye anayevaa na visikizi. Wataalamu wageni wanaoisaidia kliniki wanasikiliza kupitia mimi.

Nilidhani watu watauliza kuhusu madaktari, dozi, idadi ya vitanda. Wapi! Wa kwanza kusimama, mzee mmoja mwenye koti, akasema, "Mnataka kuhalalisha unga? Basi halalisheni na wizi, mwizi naye ana shida zake." Ukumbi mzima ukacheka na kupiga makofi. Wa pili akaendelea hapohapo. Wa tatu pia. Nilitafsiri upuuzi kwa saa mbili na nusu, koo likakauka.

Kisha akasimama mama mmoja fundi cherehani, na tepu yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alikuwa na picha ya msichana kwenye fremu, ameifunga kwa plastiki isilowe. "Jamani," akasema, "mimi sikusoma sana. Nimesoma tangazo tu. Linasema kitu kilichomuua mwanangu sasa kitakuwa halali. Nani kati yenu atasimama aniangalie usoni aniambie hivyo?"

Hakusimama mtu.

Nilimchukia mama yule. Naandika wazi kwa sababu daftari ni langu. Nilikaa kwenye kile kibanda nikamchukia yeye na fremu yake. Wako amekwenda, pole, Mungu amrehemu. Wangu yu hai na kesho asubuhi anatakiwa kunywa dawa yake. Kwa nini umzibie njia?

Alhamisi, 21 Machi

Tayari, saa mbili na ishirini. Barabara ya kliniki imejaa maji, amevua viatu.

Ijumaa, 22 Machi

Wenzangu ofisini wameshampa yule mama jina: Mama Picha. Mtunza stoo amesema yeye akiwa rais mateja wote angewapakia kwenye lori akawamwage porini. Nikamwambia akianza na lori aanze kwanza kuniletea wino wa printa, nimeuomba tangu Januari.

Jumatano, 27 Machi

Kikao cha pili. Nilianza kuhesabu kwa hasira tu, nikichora vistari kwenye karatasi. "Halali" na "kuhalalisha", mara arobaini na moja. "Tiba", mara nne, na mbili kati ya hizo ni yule daktari wa kliniki aliyezomewa. Mama Picha alikuja tena akasema yaleyale. Kati ya kistari cha thelathini na cha arobaini nilianza kuelewa. Hawa watu hawabishani na muswada. Hakuna aliyeusoma. Wanabishana na mstari mmoja.

Mstari huo niliuandika mimi.

Jumamosi, 30 Machi

Shoti amerudi kutoka kazini na matope mpaka magotini, amekasirika.

"Dada, umeliona lile tangazo lililobandikwa pale kwa muuza vifaa?"

"Nimeliona."

"Sasa nani mjinga kaandika vile? Eti wanahalalisha dawa za kulevya. Mimi mwenyewe nikiitwa kupiga kura nakataa!"

"Wewe? Kliniki ikifungwa utakwenda wapi?"

"Kwani pale pameandikwa kliniki? Pameandikwa unga uwe halali. Unga, dada! Hao wenye makoti hawaujui, mimi ndiye ninayeujua. Nauchukia kuliko wote. Huwezi kuniambia mimi kitu kile ni halali."

Alikuwa amesema maneno ya Mama Picha, karibu neno kwa neno, na hajawahi kumwona. Nikamwambia mjinga aliyeandika ni mimi. Akanitazama, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye suruali. Kisha akaacha kucheka.

"Basi kalifute," akasema.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekwenda kwa Bwana Koma. Nimemweleza kwamba kichwa cha tangazo si tafsiri ya muswada, ni kosa langu, na wananchi wanajadili kitu ambacho hakimo. Akavua miwani. Akasema kichwa kikibadilishwa rasmi, tangazo linatolewa upya, siku thelathini zinaanza kuhesabiwa upya, vikao vyote vinarudiwa. Kamati itamaliza Julai.

"Na kibali cha kliniki?" nikamuuliza.

"Kliniki ipi?"

"Ile inayotajwa kwenye muswada, mkuu. Ukurasa wa kumi na tisa. Kibali kinakwisha Mei."

"Aa. Hiyo itafungwa kwanza, halafu tutaona." Akavaa miwani. "Mama, kaa kimya. Wewe umebakiza miaka minane ustaafu, mimi mitatu. Tusitafutane."

Yaani nikisema, kliniki inafungwa kwa kuchelewa. Nisiposema, inafungwa kwa kukataliwa. Nimekaa chooni dakika ishirini nikitukana kwa lugha zote ninazozijua kikazi.

Ijumaa, 5 Aprili

Wamechapa nakala za ziada za tangazo kwa kikao cha tatu. Mimi ndiye ninayepeleka faili kwa mpiga chapa. Nimebadilisha kichwa: Muswada wa Tiba kwa Watumiaji wa Dawa za Kulevya. Kumbe nacho kinaenea. Kinaenea kabisa! Machi nilikuwa na haraka tu na ndoo imejaa. Sijamwambia mtu. Watu wakisoma hiki watapoa wenyewe, na la zamani litalowa mvua lidondoke.

Tayari, saa mbili kamili. Mvua haijakatika siku tatu.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nimekwenda kliniki na Shoti, kwa kuwa mvua imeziba njia ya ofisini. Wanakunywa mmoja mmoja dirishani kwa muuguzi, mwanamke mfupi wanayemwita Sista. Ukishameza lazima useme kitu, ahakikishe hujaficha dawa mdomoni. Wengine wanataja majina yao. Shoti akasema, "Sista, balbu ya hapo juu yako inakufa, kesho naileta mpya." Sista akasema hiyo ni siku ya tatu anasema vile na balbu haijafika. Foleni ikacheka. Ukutani wamebandika masharti: ukikosa siku tano mfululizo unafutwa, unaanza upya kwenye orodha ya wanaosubiri. Wanaosubiri ni sitini na watatu.

Jumatano, 17 Aprili

Nimeharibu. Niandike kwa utaratibu.

Kikao cha tatu kilianza saa tatu. Mama Picha hakungoja zamu yake. Alisimama na karatasi mbili, moja kila mkono, na fremu ameikalisha kwenye kiti chake.

"Mwenyekiti, hii ni ya Machi. Inasema kuhalalisha. Hii ni ya Aprili. Inasema tiba. Namba ya muswada ni ileile, tarehe ya muswada ni ileile. Sisi tulipopiga kelele, mtu amekwenda kwa siri akapaka neno rangi. Nani anatuchezea?"

Ukumbi ulilipuka. Yule mzee wa koti alipanda juu ya kiti. Mwenyekiti akagonga meza, akarudia mara tatu kwamba kama kuna udanganyifu ataufuta muswada huu leo hii mbele ya wananchi. Nilimwona Bwana Koma mstari wa mbele akijipangusa shingo kwa leso. Mimi nilikuwa natafsiri bado, "mtu amekwenda kwa siri", nikawasemea wageni masikioni habari zangu mwenyewe kana kwamba za mtu mwingine.

Nikavua visikizi, nikafungua mlango wa kibanda, nikatembea mpaka mbele.

Nilisema neno ni langu. Nilisema nililiandika Ijumaa kwa haraka kwa sababu lilienea, na nililibadilisha kwa siri kwa sababu niliogopa. Nilisema muswada hauhalalishi unga, unamwondoa mgonjwa jela na kumweka kwa daktari, na muuzaji anabaki jela. Niliwasomea kifungu. Ukumbi ulikuwa umetulia. Ningeishia hapo! Sentensi tano, nirudi nikakae. Lakini Mama Picha akaniuliza, si kwa ukali, kwa kutaka kujua kabisa: "Na wewe umeogopa nini, mama? Kwani hii inakuhusu nini?"

Nikasema, "Nina mdogo wangu. Anakunywa dawa ile kila asubuhi. Ni fundi umeme, anaingia majumbani mwenu, anawafungia taa, hamjui. Miezi tisa hajagusa unga. Mkiifunga kliniki mnaniulia mdogo wangu."

Watu walilia. Mzee wa koti alishuka kwenye kiti. Mwenyekiti akaahirisha kikao bila kufuta muswada, na daktari wa kliniki alinishika mikono yote miwili akasema nimewaokoa. Nilirudi nyumbani kwenye mvua nikijiona mtu.

Shoti alifika saa kumi na mbili jioni. Hakuvua viatu. Ametajiwa na muuza vifaa, ambaye alitajiwa na mteja, ambaye alikuwa ukumbini. Nina mdogo mmoja tu, na mtaa mzima unajua ni fundi umeme.

"Umenisema, dada."

"Sikukusema. Nimekutetea."

"Umenisema. Mama wa ghorofa ya pili amenipigia, anasema kazi ya kesho basi, atanitafuta. Yule wa duka la dawa hivyohivyo. Miezi tisa naingia nyumba za watu wananiachia funguo. Funguo, dada! Unajua miaka mingapi sijaachiwa funguo?"

"Nilikuwa najaribu kuiokoa kliniki."

"Ungeniuliza. Ningekataa, ungeniuliza tena. Labda ningekwenda mwenyewe."

Akachukua mkoba wa vifaa akatoka.

Alhamisi, 18 Aprili

Hakuna ujumbe. Redio ya asubuhi imerusha sauti yangu, na "mdogo wangu" wameirudia mara mbili. Nimepewa barua ya onyo. Siku ya kwanza.

Ijumaa, 19 Aprili

Hakuna. Simu yake imezimwa. Mtunza stoo ameniletea wino wa printa, ameuweka mezani akaondoka kichwa chini. Siku ya pili.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeshinda kliniki kwenye benchi tangu dirisha linafunguliwa mpaka linafungwa saa sita. Mvua. Siku ya tatu.

Karibu na saa tano akaja Mama Picha na mwavuli uliovunjika mbavu. Nilidhani amekuja kuzozana, nikajiandaa. Alikaa benchi moja na mimi akatazama foleni, mtu mmoja mmoja, wakinywa na kusema majina yao.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hii."

"Kikombe hiki tu?"

"Hicho tu. Kila siku."

Kisha akasema binti yake aliwahi kuacha mwenyewe mara nne, chumbani, amefungiwa kwa kufuli. "Mimi ndiye niliyefunga kufuli, mama. Hakuna aliyeniambia kuna kikombe." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na ni mimi niliyekuwa nimemchukia mwezi mzima. Nikamwambia mdogo wangu haonekani tangu Jumatano jioni, na ni siku ya tatu kati ya tano.

"Nilimtafuta wangu miaka mitatu," akasema. "Wanakokaa nakujua kote. Kesho vaa viatu vya maji."

Jumapili, 21 Aprili

Tumezunguka tangu saa moja mpaka saa kumi na moja jioni. Karakana mbovu, chini ya daraja la reli, nyuma ya machinjio. Mama Picha anawasalimia wote kwa majina, na wote wanasimama kumwamkia. Mmoja alimuuliza habari za cherehani. Hawajamwona Shoti. Siku ya nne.

Jumatatu, 22 Aprili

Tulimpata saa nne na nusu. Mama Picha aliuliza swali ambalo mimi dada mtu sikuliwaza: nyumba gani alikuwa anaifanyia kazi ambayo mwenyewe hajahamia? Ni jengo ambalo halijamalizika, alikuwa ametandaza nyaya ghorofa ya tatu. Alikuwa amejikunja juu ya maboksi, anatetemeka, jasho na baridi kwa pamoja, mkoba wa vifaa kifuani.

"Umetumia?" nikamuuliza.

"Mara moja. Jumamosi." Hakunificha. "Usinipe mahubiri."

Sikumpa. Mama Picha akampa mkono, akasema, "Simama, mwanangu, dirisha linafungwa saa sita." Shoti akamtazama, akaniuliza huyu nani. Nikamwambia ndiye yule mpinzani. Akasema, "Haya, dunia imekwisha," akasimama.

Tulifika saa sita kasoro dakika nane. Sista alimkuta bado kwenye orodha, akampimia chini ya nusu, maana ukikosa siku huwezi kurudi kwenye dozi yako moja kwa moja, mwili umesahau. Alipomeza akatakiwa kusema kitu. Hakutania. Alitaja jina lake kamili, lile alilopewa na baba, ambalo sijalisikia mdomoni mwake tangu akiwa shule.

Nje aliniambia hatarudi kwangu. Mwenzake wa foleni ana chumba hapo nyuma ya hospitali, atakaa naye.

"Na ujumbe wa asubuhi?" nikauliza, kama mjinga.

"Usingoje."

Jumatano, 24 Aprili

Kamati imeamua: tangazo litolewe upya kwa kichwa sahihi, siku thelathini, kikao kimoja tu cha mwisho tarehe 29 Mei na kura siku hiyohiyo. Siku mbili kabla ya kibali kufa. Bwana Koma ameandika barua ya kueleza kosa. Nimeisoma. Nilitegemea kuona jina langu. Ameandika "kosa letu", akasaini peke yake. Sikumwambia kwamba kulikuwa na koma imezidi.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua. Nimeandika "tiba" leo mara kumi na saba.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Nimempigia, hakupokea. Nimempigia Sista, akasema siri za wagonjwa hazitoi. Nikamwambia mimi ni dada yake. Akasema, "Najua, mama, nchi nzima inajua." Nimestahili.

Alhamisi, 16 Mei

Mama Picha amepita ofisini kuchukua nakala kumi za tangazo jipya, atazibandika sokoni. Nikamuuliza sasa anaunga mkono? Akasema hajui, anataka tu watu wabishane na kitu chenyewe. Akasema pia Shoti amemfungia taa juu ya cherehani. Nikauliza, anaendeleaje? "Amekonda. Anafanya kazi. Nimemwachia funguo nikaenda sokoni." Nilifurahi, na wivu ukanishika papo hapo.

Jumanne, 28 Mei

Nimeletewa orodha ya wasemaji wa kesho, niitafsiri kwa ajili ya wageni. Namba tisa ni jina kamili la mdogo wangu. Kwenye safu ya kazi ameandika: fundi umeme. Kwenye safu ya sababu ya kusema: mimi ni mgonjwa wa kliniki hii.

Nimempigia. Safari hii amepokea. Nimemuuliza atasema nini, nijiandae.

"Utasikia pamoja na wenzako," akasema, akakata.

Jumatano, 29 Mei

Muswada umepita kamati, kura saba kwa sita, na kibali cha kliniki kimeongezwa mpaka Bunge lote litakapokaa. Mama Picha hakupiga makofi wala hakuzomea, alikunja tepu yake akatoka. Naandika hayo kwanza kwa sababu ndiyo niliyoyalilia miezi mitatu, na kwa sababu siyo yanayonikaa kichwani sasa.

Shoti alipanda saa saba na nusu. Shati jeupe, limepigwa pasi na mtu ambaye si mimi. Katika kazi yetu msemaji akisema "mimi", mkalimani naye anasema "mimi". Husemi "anasema kwamba". Unakuwa yeye. Mwenzangu tunayepokezana kibandani alinyoosha mkono anipokee kipaza sauti. Nikakataa.

"Mimi ni fundi umeme," akasema. Mimi ni fundi umeme, nikasema masikioni mwa wageni. Alisema alianza unga akiwa na miaka ishirini na mitatu. Alisema alifungwa mara mbili, na kwamba jela ndiko alikojifunza kuupata kwa bei rahisi. Alisema hataki mtu yeyote amwambie unga ni halali, anataka kikombe chake cha asubuhi na funguo za wateja wake, basi. Nilisema yote. Mvua ilikuwa nyepesi, kila neno lilisikika.

Kisha akageuka, akatazama kibanda. "Mwezi wa nne dada yangu alisimama hapa akanisema bila kuniuliza. Nililala sakafuni siku nne, nikarudi kwenye kitu nilichokuwa nimekiacha. Yuko pale nyuma, ananitafsiri. Natafsiriwa na yeye sasa hivi, sijui anasema nini."

Nilikuwa nasema hayohayo. Dada yangu alinisema bila kuniuliza. Mgeni mmoja aligeuka akanitazama kupitia kioo.

"Sijamsamehe," akasema Shoti, akashuka.

Nilikuwa na sekunde tatu. Kiswahili kinajua kusema sikumsamehe, na simsamehe, na sijamsamehe, na hizo ni habari tatu tofauti. Lugha ile ya kigeni haina "ja". Kinachobebwa na ile "ja", neno la "bado", lazima mkalimani aliweke kwa mkono wake mwenyewe, na akilisahau, mtu ameshahukumiwa. Na mkono wangu ulivyochezea maneno msimu huu unajulikana. Mwenzangu alinitazama. Nikaliweka lile neno la "bado". Nimejishitaki na kujitetea tangu saa nane mchana, nimesikiliza kanda ya kikao mara sita, sauti yake kwanza, yangu baadaye. Sikuliongeza mimi. Lilikuwemo.